Mkeka wa Majani na Mawe Mawili

Mbegu zake ni laini kama ugoro. Ukizishika kwa mkono wenye jasho umeshazipoteza, na ukipiga chafya ndiyo kabisa. Nayasema haya kwa sababu watu wakiona majani yale yalivyotanda nyuma ya migomba yangu hapa Vugiri, wanadhani yameota yenyewe, kama ukoga unavyoota kwenye jiwe la mtoni. Hayakuota yenyewe. Niliyapanda mimi, na mara ya mwisho niliyapanda kwa hasira.

Mimi si wa huku milimani. Nimezaliwa Handeni, kwenye nchi ya jua, ambako mwanamke anafagia uwanja wake kabla jua halijapanda mpaka udongo unang'aa kama sahani. Jani moja likionekana uwanjani, watu watasema mwenye nyumba anaumwa au ni mvivu, na nyoka wameshapata pa kulala. Vugiri nilikuja kwa kuolewa, na mama mkwe wangu nilimkuta na ufagio ule ule, kwa hiyo kwa jambo hilo hatukugombana. Kwa mengine tuligombana.

Siku zile za kuelekea Uhuru nilikuwa nafanya kibarua kwa mama mmoja wa Kizungu, mumewe alikuwa msimamizi wa shamba la chai. Nilipalilia bustani yake. Katikati ya mawe ya ngazi zake palikuwa na majani mafupi kuliko ukucha, yamebanana, na ukiyakanyaga kwa mguu mtupu ni kama umekanyaga mgongo wa kondoo aliyelowa. Yalitoa vimaua vyeupe, kimoja kama kichwa cha pini. Siku yangu ya kwanza niliyang'oa. Nilidhani napalilia. Nilikuwa nimemaliza ngazi mbili alipotoka, akasimama, akajishika kichwa. Hakunifokea. Alipiga magoti mwenyewe, akayarudishia, akayabana kwa viganja, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake, "Hii hapana magugu. Hii mimi nalea."

Nikaona ajabu, mtu mzima kulea majani yasiyoliwa, yasiyo dawa, ambayo hata mbuzi hayataki.

Uhuru ulipokuja wale watu walikaa kidogo, kisha wakafunga mizigo. Siku ya kuondoka aliniita, akanipa kiberiti kitupu, ndani kuna karatasi imekunjwa, ndani ya karatasi kuna ule ugoro. Alinionyesha namna ya kupanda mara moja tu, haraka haraka, huku gari linapakiwa. Nilipokea kwa heshima nikaenda kukitia kibwetani chini ya kanga. Nilijua sitakihitaji.

Baadaye binti yangu akafa. Alikuwa na miaka minne, ni surua. Nilikuwa na wanangu wawili wa kiume, lakini wa kike alikuwa yule mmoja. Tulimzika nyuma ya nyumba, penye migomba, maana ndiko walikokuwa wamelala wazee wa mume wangu. Wale wazee walikuwa upande wa chini, penye tambarare. Yeye alipata sehemu ya juu, pana mteremko. Baba yake aliteremka mtoni akabeba mawe mawili, moja jekundu akaliweka kichwani, moja la kijivu akaliweka miguuni.

Huku milimani mvua haigongi tu ardhi, inaiondoa. Mvua za kwanza zilipoanza, kila asubuhi nilikuta kaburi limepungua, na udongo mwekundu umeteremka mpaka kwenye jiko langu. Naukusanya kwa mikono, naupandisha kwa kikapu, naupigapiga. Kesho yake umerudi. Mwanamke ukimbeba mwanao kwa kikapu kila asubuhi, hiyo si kazi ya kumpa mtu. Mume wangu akasema tupande ukoka. Nikakataa, ukoka una mizizi kama vidole, tena unaita mbuzi wa watu. Ndipo nikakumbuka zile ngazi. Mvua ilikuwa inapita juu yake miaka yote, na udongo haukuondoka hata wa kijiko.

Nikatoa kiberiti.

Mara ya kwanza nilipanda kama mtu anayepanda mchicha. Nikachimba vijifereji, nikamwaga, nikafukia. Ukapita mwezi, hakuna kitu. Mara ya pili nikaziacha juu ya udongo lakini nikazimwagia maji kwa kopo nililolitoboa, zikaelea zote zikakimbilia pembe moja, zikaota hapo rundo moja, zikaoza. Kiberitini zikabaki mbegu kidogo sana, za kufunika ukucha wa kidole gumba. Nikakaa chini nikajilazimisha kukumbuka yule mama alikuwa anafanya nini na mikono yake siku ile. Nikakumbuka alikuwa anaonyesha juu, anaonyesha chini. Juu ni mwanga, mbegu hii inataka kuona mwanga, usiifukie. Chini ni maji. Maji yapande yenyewe kutoka chini.

Basi nikachukua debe, nikalipasua kwa urefu, nikalitoboa kwa msumari. Udongo nikauchekecha kwa chekecheo la unga, nikauchanganya na mchanga wa mtoni. Mbegu nikazichanganya na mchanga mkavu kiganjani, kama mtu anayetia chumvi kidogo kwenye mboga, nikazinyunyiza huku nimezuia pumzi. Debe nikaliweka ndani ya karai la maji mpaka nikaona udongo wa juu umekuwa mweusi, nikalitoa. Kikabaki kifuniko. Yule mama alikuwa anafunika kwa kioo, na mimi kioo nitakitoa wapi?

Ukutani palikuwa na picha ya mume wangu, aliyopiga Korogwe Mjini kabla hajanioa, amevaa koti la kuazima. Nikaitungua, nikachomoa kioo chake.

Aliporudi shambani akaiona picha imelala mezani. Akacheka sana. "Sasa mimi ndiyo nitaliwa na mende kwa ajili ya majani yako?"

"Mende hawali mtu mgumu kama wewe," nikamwambia.

Naiandika hii ili ieleweke kwamba wakati ule tulikuwa tunacheka.

Wiki ya tatu zikaota. Ukitazama kwa juu huoni kitu, ukiinamisha kichwa ubavuni unaona kama ukungu wa kijani umekaa juu ya udongo. Nilimwita mama mkwe aone. Akaja na ugoro wake, akainama, akatazama, akavuta ugoro taratibu.

"Hii ndiyo uliyokuwa unailinda kama yai la bata? Mkamwana, umelima ukoga."

"Ndiyo, mama."

"Kwenu Handeni hakuna maji, ndiyo maana unaona ukoga ni mali."

Nilimwacha aseme. Miche ilipokuwa na ukubwa wa punje ya mtama niliihamisha kwa mwiba wa mlimao, vishada vishada, nikaipanda juu ya kaburi, kutoka kishada hadi kishada upana wa vidole vinne, nikaibana kwa kiganja. Ilichukua misimu miwili ya mvua kuungana. Ilipoungana, kaburi likasimama. Mvua ilipita juu, udongo ukabaki. Tukayaita majani yale mkeka, na hata mama mkwe akayaita hivyo. Mwisho wa maisha yake alikuwa ananitangulia kwenda kung'oa magugu, kisha ananiambia nimechelewa.

Kila Ijumaa alasiri nilipiga magoti pale na kung'oa majani mageni kwa vidole. Si kazi ya jembe, ukitia jembe umeubomoa wote. Vimaua vikikauka nilikusanya mbegu, nikazitia tena katika kiberiti. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na binti yangu, hatukuwa na mengine.

Ikaja miaka ya vijiji. Sisi hatukuhamishwa, maana kijiji kilikuja kutukuta tulipo. Wenzetu wa mabondeni ndio walioletwa. Sikuwa mpinzani, nisije nikasomwa vibaya. Nililima shamba la pamoja kwa zamu yangu na kwa zamu ya jirani aliyekuwa na mimba, na haya maandishi ninayoandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, nimekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamegusa kidevu. Mume wangu alichaguliwa balozi wa nyumba kumi. Zile nyumba kumi zikawa zake kuzisemea kwenye mkutano. Alikuwa na sauti nzuri ya mkutano. Akaanza kutembea na kalamu mfukoni.

Mwaka mmoja, kabla ya masika, ukaja ujumbe kutoka Handeni kwamba mama yangu amepooza upande mmoja, na tena wanahamishwa kwenda kijiji kipya, nyumba ya zamani inabomolewa. Hakuna wa kumshika mkono. Mume wangu akasema hapo hapo, "Nenda kamuuguze mama. Hapa nipo."

"Na mkeka?"

"Nimesema nipo."

Nikamshika mkono mpaka nyuma ya nyumba. Nikamwambia usiukanyage na kiatu. Magugu ng'oa kwa vidole. Jua likizidi, lowesha kwa kopo, jioni. Mtu asiingie na jembe. Akawa anaitikia kila neno. Mwisho akainama, akaweka kiganja juu ya lile jiwe jekundu la kichwani, akasema, "Akiguswa huyu, nimeguswa mimi."

Nikaondoka. Nikateremka mpaka Old Korogwe, nikavuka daraja, nikapanda basi la Handeni, na sikugeuka nyuma.

Nilikaa huko miezi mitano. Mama yangu nilimkuta kwenye kibanda kipya cha miti kwenye uwanda mtupu, nyumba zimepangwa mistari, hakuna mti wa kivuli. Mkono mmoja hausogei. Nilimkanda, nilimlisha, nilimfundisha kushika kikombe upya. Siku moja amekaa mlangoni akatazama upande wa kijiji cha zamani, akasema, "Baba yako nimemwacha kule peke yake. Pameshaota vichaka, nikipelekwa leo sitamjua alipo."

Nikamshikisha kikombe chake.

Akanitazama. "Wewe wa kwako yuko uani kwako. Shukuru."

Nikashukuru. Kweli nilishukuru, nilikuwa na mume aliyebaki kulinda.

Nilirudi masika yamekwisha. Njia ya kwenda kwetu inapita mbele ya ofisi ya kijiji, na nilipofika pale nikasimama kupumua. Walikuwa wamepatengeneza. Kutoka barabarani mpaka mlangoni walipanga mawe mistari miwili, yote yamepakwa chokaa, meupe pe. Uwanja umefagiwa. Nikasema moyoni, kijiji chetu sasa kina sura. Niliyasifu mawe yale kwa kinywa changu mwenyewe.

Nyumbani nikaweka mzigo chini nikapitiliza nyuma.

Hapakuwa na mkeka. Palikuwa na udongo mwekundu, umechanwa na mifereji ya maji kutoka juu mpaka chini. Hapakuwa na tuta. Hapakuwa na jiwe la kichwani wala la miguuni. Nilisimama na kiatu mkononi, maana nilikuwa nimevua ili nisikanyage, na sikujua nisikanyage wapi.

Mume wangu akaja kwa nyuma. "Karibu. Pole na safari. Mama hajambo?"

"Mkeka uko wapi?"

"Kaa kwanza unywe maji."

"Mkeka uko wapi, baba watoto?"

Akaanza kueleza kwa sauti ile ya mkutano. Kwamba ulitangazwa ugeni kutoka mkoani, wa kukagua vijiji safi. Kwamba mbele ya ofisi palikuwa tope, na katibu wa kijiji aliuliza nani ana kitu cha kijani cha kupamba. Kwamba mtu mmoja akasema kwa balozi kuna majani mazuri. "Mimi ndiye balozi," akasema. "Nikikataa cha kwangu, nitamwambiaje mwingine atoe chake? Walisema ugeni ukipita tutaurudisha."

"Nani aliukata?"

Akaitoa kalamu mfukoni, akairudisha.

"Nakuuliza nani alitia jembe."

"Mimi," akasema. "Nilikata vipande vya mraba, vizuri tu. Sikutaka mtu mwingine amguse."

"Na mawe?"

"Vijana walikuwa wanakusanya mawe ya njia siku hiyo. Waliyaona pale, wakayachukua pamoja na mengine. Sikuwaona."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimebeba majani."

Yaliyofuata hakunieleza yeye. Alinieleza jirani yangu, yule niliyemlimia zamu. Alinikuta kisimani, akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Dada, vile vipande tulivipanga mbele ya ofisi kama zulia. Pakapendeza. Mgeni akashuka kwenye Landrova, akatembea, akafika hapo akasimama. Akatazama chini. Akasema, ndugu katibu, kijiji ni kizuri, ila mbona mmeacha magugu mlangoni mwa ofisi? Hapa mtafuga nyoka."

"Katibu akasemaje?"

"Akasema yatafyekwa, ndugu mgeni. Mgeni hajamaliza chai, majembe yameshapita. Wakayatupa korongoni."

"Mume wangu akasemaje?"

Alijitwisha ndoo yake kwanza. "Alipiga makofi. Dada, tulipiga wote."

Simlaumu mgeni yule. Na mimi siku yangu ya kwanza kwenye ngazi za Mzungu niliyaona magugu. Yeye alikuwa mtu wa ufagio kama sisi sote, na hakuwa ameweka kiganja chake juu ya jiwe akaapa.

Siku ya pili nilichukua panga nikaenda ofisini. Nilipiga magoti kwenye mstari wa kwanza, nikaanza kukwangua chokaa. Jiwe moja, la pili, la tatu. Katibu akatoka, kijana mdogo aliyeletwa kutoka kwingine, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Mama, mbona unaharibu mali ya kijiji?"

"Marahaba. Natafuta jiwe langu."

"Lakini mama, mawe haya sasa ni ya wote."

"Basi nitayakwangua yote."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nadhani mtu alikuwa ameshamwambia jiwe hilo ni la kaburi. Niliyakwangua yote mpaka adhuhuri, na watu waliopita walinisalimu bila kusimama. Nilipata matano mekundu. Matano, yote ya mtoni, yote ya ukubwa ule. Nililibeba moja, nikalirudisha, nikabeba lingine. Mwisho sikuchukua hata moja. Kumwekea mwanangu kichwani jiwe la kukisia sikuweza.

Nikarudi nyuma ya nyumba nikajaribu kupima kwa hatua. Nilikuwa najua ni hatua saba kutoka kwenye mgomba wa pembeni. Lakini mgomba hausimami mahali pamoja. Mama anakatwa, mtoto anaota pembeni yake, na baada ya miaka kadhaa shina zima limehama. Miezi ile mitano niliyokuwa Handeni, mgomba wangu wa pembeni ulikuwa umezaa, umekatwa, na wawili wapya wameota, mmoja huku, mmoja kule. Nilihesabu saba kutoka kwa huu, nikahesabu saba kutoka kwa ule. Nikakaa chini. Nikamkumbuka mama yangu mlangoni pake.

Mume wangu alikuja akaniambia, "Nisamehe." Aliniambia siku ile na siku nyingine nyingi. Nilimpikia, nilimfulia, nilimuuguza alipoumwa. Watu wanadhani mwanamke akisalitiwa lazima aondoke au apige kelele. Mimi nilibaki, kwa sababu binti yangu yupo hapa, mahali fulani.

Kiberiti kilikuwa kibwetani. Hakuna aliyejua kama nina mbegu, na sikumwambia mtu. Nilingoja vuli. Nikapasua debe lingine, nikachekecha udongo, nikaitungua picha tena kuchukua kile kioo. Mende walikuwa wamepenya nyuma ya kioo, wameshamla koti lote na nusu ya uso. Sikucheka, na yeye alipoiona mezani hakucheka. Alichukua ile picha akaenda nayo nje.

Nilipanda debe baada ya debe, miaka minne. Safari hii sikupanda ukubwa wa kaburi. Nilianzia kwenye migomba yote miwili, nikapanda kwenda juu mpaka kwenye masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, nikateremka mpaka karibu na jiko. Kishada na kishada, vidole vinne, kiganja. Wapita njia waliniuliza nataka kufuga nini. Nilipanda eneo pana kuliko kaburi lolote la mtoto wa miaka minne, ili popote alipo, awe amefunikwa.

Mpaka leo siukanyagi hata sehemu moja. Nafanya kazi nimelala ubavu juu ya ubao.

Mume wangu alipozeeka akawa anatembea kwa fimbo. Ijumaa moja alikuja nyuma ya nyumba, amevaa kanzu, amevua viatu ameshika mkononi. Alikuwa hajafika pale tangu siku ile. Akasimama kwenye ukingo, pale ufagio wangu unapoishia na majani yanapoanzia.

"Nataka kumsomea mtoto," akasema. "Nionyeshe alipo, nisije nikamkanyaga."

Nilikuwa nang'oa magugu. Sikuinua kichwa.

"Wewe ndiye uliyekuwepo," nikamwambia.

Aliviweka viatu vyake chini. Kisha akasoma hapo hapo alipokuwa, kwenye udongo mtupu, na mimi nikaitikia amina.